Pembetatu Haiharibiki kwa Kuhamishwa

Kusogeza, kuzungusha na kuakisi maumbo kwenye grafu ni mada ambayo wanafunzi wa sekondari huikuta Tanzania na hata Kenya. Mada yenyewe si ngumu. Kinachosumbua ni yale yanayosemwa juu yake, darasani na twisheni.

Linalosikika zaidi ni kwamba hapa kazi ni kukariri fomula. Mwanafunzi anakaririshwa kwamba nukta (x, y) ikizungushwa nyuzi 90 kinyume na mwendo wa saa inakuwa (−y, x), basi. Sasa mpe pembetatu yenye A(1, 1), B(4, 1) na C(1, 3), aizungushe nyuzi hizohizo huku kituo kikiwa A. Atakuandikia kwamba B imekwenda (−1, 4), na hata A ataihamisha, wakati A ndiyo kituo na haipaswi kubanduka. Fomula ile ni ya kituo (0, 0) peke yake. Anayeelewa hatafuti fomula, anahesabu hatua. Kutoka A hadi B ni hatua tatu kulia. Zikigeuzwa nyuzi 90 zinakuwa tatu juu, kwa hiyo B inatua (1, 4). C ilikuwa hatua mbili juu ya A, sasa ni mbili kushoto: (−1, 1). Kazi imekwisha.

Wengine husema mpangilio hauna neno, mradi hatua zote zimefanyika. Chukua (2, 1). Isogeze hatua tatu kulia, kisha iakisi kwenye mhimili wa y: unapata (−5, 1). Anza na kuakisi ndipo usogeze: (1, 1). Nadhani dai hili limezaliwa na mifano miepesi, kama kuakisi kwenye mhimili wa x na kisha wa y, ambako ukianza na wowote unaishia kwenye mzunguko wa nyuzi 180.

Lipo pia dai kwamba kuakisi ni kuzungusha kwa jina jingine. Urefu na pembe hubaki vilevile kote kuwili, ni kweli. Lakini ile pembetatu yetu, ukiisoma A, B, C, inakwenda kinyume na saa. Iakisi kwenye mhimili wa y, inakwenda na saa. Kandambili ya kushoto uizungushe sakafuni utakavyo, haiwi ya kulia. Walimu wanaotumia mraba kila siku huificha tofauti hii bila kujua, kwa kuwa mraba ulioakisiwa huonekana sawa na uliozungushwa.

Na kwamba kukuza umbo nako ni sawa na kusogeza, kuzungusha na kuakisi, kwa sababu pembe hazibadiliki? Hapana. Zidisha majira yote kwa 2: upande AB unatoka 3 hadi 6, eneo kutoka 3 hadi 12.

Mwisho, eti haya ni mambo mapya ya Wamarekani. Viwango vyao vya hisabati vya mwaka 2010 viliyaweka darasa la nane, sawa. Ila Felix Klein wa Ujerumani aliijenga jometri nzima juu ya mageuzo ya namna hii mwaka 1872, na Euclid alikuwa ameshapachika pembetatu juu ya pembetatu karne nyingi kabla yake.

Walimu, mtihani ujao wekeni pembetatu isiyo na pande sawa, na kituo cha mzunguko kisiwe (0, 0). Hapo mtajua nani ameelewa.