Akishtakiwa Ughaibuni, Ni Mwana wa Nani?

Wazazi wa Kitui na Makueni wenye mabinti walioajiriwa Uarabuni wana swali moja ambalo haliwapi usingizi. Mwanangu akishtakiwa huko kwa kosa la kuua, je, Serikali yetu haiwezi kumdai arudishwe ahukumiwe hapa nyumbani?

Jibu ni la. Kifungu cha 5 cha Kanuni ya Adhabu kinazipa mahakama zetu mamlaka juu ya makosa yaliyotendwa ndani ya Kenya na katika maji ya bahari yake. Kosa la Riyadh ni la Riyadh, na pasipoti si ngao. Yapo machache yanayomfuata Mkenya kokote. Kwa mfano, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaruhusu ashtakiwe hapa kwa unajisi alioutenda ng'ambo. Sheria hiyo haigusi mauaji.

Nasi hatukubali kunyang'anywa kesi zetu. Baharia Mmarekani, Frank Sundstrom, alipomuua Monica Njeri mjini Mombasa mwaka wa 1980, alihukumiwa papa hapa. (Ile dhamana ya shilingi 500 aliyofungiwa na jaji ni habari nyingine, na inauma hadi leo.)

Wakamba wa kale walilijua fumbo hili. Wazee walipotaka kumwua mchawi au mwizi sugu kwa king'ole, sharti kwanza jamaa yake wa karibu aridhie. Bila idhini hiyo, ukoo wake ungelipiza kisasi. Aidha mauaji ya kawaida yalilipiwa kwa ng'ombe.

Saudia nako mizani iko mikononi mwa jamaa, ila ni jamaa wa marehemu. Stephen Munyakho, mwana wa mwandishi wa habari Dorothy Kweyu, alimuua mfanyakazi mwenzake kutoka Yemen katika ugomvi mwaka wa 2011, akahukumiwa kifo. Hakuna mahakama ya Kenya iliyoweza kuigusa hukumu hiyo. Serikali ilichoweza ni kubembeleza. Siku ya kutekelezwa kwa hukumu ikaahirishwa mnamo Mei 2024, diya ya riyali milioni 3.5 ikalipwa, naye akaachiliwa Julai 2025. Pesa hizo, takriban shilingi milioni 129, mkulima wa Kibwezi angezipata wapi?

Jambo moja halihitaji pesa. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mabalozi wadogo, kifungu cha 36, unampa mgeni aliyekamatwa haki ya ubalozi wake kuarifiwa bila kukawia. Ofisa wa ubalozi hawezi kumtoa korokoroni, lakini aweza kumzuru na kumsaidia kupata wakili. Hilo lataka kudaiwa mapema, kabla ya kutia kidole gumba kwenye karatasi ya Kiarabu asiyoielewa. Binti yako na alijue hilo kabla hajapanda basi la Nairobi, nawe ubaki na nakala ya pasipoti yake na ya mkataba wake wa kazi.