Mkulima wa Muheza na Mikopo ya Simu

Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za simu zilizokuwa zikiwakopesha wananchi bila leseni. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Hata hivyo, kuufunga mlango wa dhuluma si kuufungua mlango wa haki, na hapa Muheza mkulima wa machungwa angali anabisha hodi.

Fedha humpungukia kabla ya mavuno. Wengi wao ni Waislamu, nao huukwepa mkopo wa simu kwa kuchelea riba. Lakini wako ambao baadaye humwuzia mlanguzi machungwa yangali maua mtini, kwa bei ya kutupa. Ajabu ni kwamba biashara hiyo nayo imekatazwa: Mtume (S.A.W.) alizuia kuuza matunda kabla ya kuonekana kupevuka kwake. Mnyonge huyu ameikimbia haramu moja akaiangukia nyingine!

Sheria ya Kiislamu haikumwacha bila njia. Upo mkataba wa salamu, ambao mnunuzi hulipa thamani yote leo, na mkulima hujifunga kuleta mzigo wa kipimo, sifa na siku zinazojulikana. Deni hilo halifungwi kwenye mti wala shamba moja. Kwa hiyo mkulima akipatwa na ukame peke yake ataelemewa. Ndiyo maana mkataba huu hauna budi kubebwa na ushirika. Kuandika ahadi za watu mia na kuwafikishia malipo yao ni kazi ambayo simu inaiweza kuliko daftari.

Vijana wetu wanaounda programu za nyakati za swala (kazi njema, hatukatai) wageukie huko pia. Amana Bank ilianza kazi mwaka 2011. Nchini Kenya, Gulf African Bank na Safaricom walianzisha Halal Pesa mwaka 2023. Basi mlango upo, ila jina la Kiarabu halitoshi: ada inayopanda kwa kucheleweshwa deni ni riba iliyovaa kanzu.

Ndugu zetu wa Pemba huuza karafuu kwa ZSTC kwa bei inayotangazwa hadharani. Mkulima wa machungwa hana tangazo kama hilo. Maofisa wa ushirika wilayani waanze na chama kimoja cha wakulima, na bei ya kila mkataba isomwe mbele ya wanachama wote kabla fedha hazijatumwa.