Oshin wa Kijapani na Mikono ya Bi Fatuma

Mwaka 2023, sinema ya Kijapani iitwayo Monster, ya mwelekezi Hirokazu Kore-eda, ilipata tuzo ya hadithi bora huko Cannes, Ufaransa. Humo yumo bibi mtu mzima aliyecheza kama mwalimu mkuu wa skuli, uso mkavu, maneno machache, na siri nzito moyoni. Jina lake Yuko Tanaka. Huenda msomaji asilitambue jina hilo, lakini ujanani mwake bibi huyu aliziliza nyumba nyingi za Kiislamu, na mchezo wake mmoja ukazusha suala ambalo mpaka leo halijatutoka.

Tanaka alizaliwa mkoa wa Osaka mwaka 1955. Alijifunza kazi yake katika kikundi cha michezo ya jukwaani cha Bungakuza, akaingia televisheni mwaka 1979. Mwaka 1983 ndio uliomjulisha kwa watu. Katika sinema ya Amagi-goe alicheza kama kahaba anayeshukiwa kuua mtu, akapata tuzo ya mchezaji bora wa kike huko Montreal, Kanada. Na mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, shirika la utangazaji la NHK likaanza kuonyesha Oshin.

Oshin, hadithi iliyotungwa na Bi Sugako Hashida, ilikuwa na sehemu 297, robo saa kila asubuhi. Ni kisa cha binti wa mkulima fukara wa Yamagata, aliyetolewa kwenda kutumika nyumba za watu akiwa na miaka saba, ujira wake gunia la mchele. Utotoni alichezwa na Ayako Kobayashi, uzeeni na Nobuko Otowa. Tanaka akabeba miaka ya kati, yenye mateso ya mama mkwe, kufiliwa na mtoto, kuchuuza samaki, na kufiliwa na mume baada ya vita. Kazi ilikuwa nyingi hata Tanaka mwenyewe akaanguka kwa uchovu, upigaji picha ukasimama kwa muda. Huko Japani, kwa wastani, zaidi ya nusu ya watazamaji walikuwa wakiufuata.

Mchezo ukavuka bahari, ukaonyeshwa katika nchi zaidi ya 60. Irani, nchi iliyokuwa imechoshwa na vita, iliupokea kama kisa chake yenyewe. Hata nguo kuukuu, hizi tuziitazo sisi mitumba, Wairani walizipa jina la Tanakura, kwa ukoo wa mumewe Oshin.

Ndipo mwezi wa Januari 1989, siku ya kuadhimisha kuzaliwa kwa Bi Fatuma binti wa Mtume (S.A.W.), bibi mmoja akaulizwa katika redio ya Tehran ni nani kigezo chake. Akajibu kuwa ni Oshin, kwani Bi Fatuma ni wa zama za mbali. Imam Khomeini alighadhibika mno. Watayarishaji wa kipindi wakahukumiwa, kisha wakasamehewa.

Mimi naona bibi yule alikosea, lakini kosa si lake peke yake. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Bi Fatuma aliumia mikono kwa kusaga nafaka kwa jiwe, akaenda kwa babake kuomba mtumishi. Hakupewa mtumishi, alifundishwa tasbihi ile tuisomayo kabla ya kulala. Basi ni nani aliye karibu zaidi na mwanamke mchovu wa leo? Lakini sisi wasimulizi twamsifu kwa nuru na utukufu, tukayaacha malengelenge ya mikono yake. Mjapani akaja kumwonyesha mwanamke afanyaye kazi, na wanawake wakajiona humo.

Tena mchezaji si kigezo. Yule aliyekuwa Oshin msubirifu ndiye aliyekuwa kahaba mwaka ule ule. Na mwaka 1997 akatoa sauti ya Bibi Eboshi, mkuu wa mji wa wafua chuma, katika sinema ya katuni Princess Mononoke. Kazi yake ni kuazima nyuso za watu na kuzirudisha. Kumlilia Oshin si kumfanya imamu.

Lakini kulia nako kuna hesabu yake. Leo majumbani mwetu, baada ya Isha, twakaa mbele ya michezo ya Kituruki, twawahurumia wanyonge wa kwenye kioo. Na huko jikoni yupo binti wa watu, aliyetolewa kwao mbali kwa ujira mdogo, anasugua masufuria na hajala bado. Oshin wetu ndiye huyo. Aliyeelewa kisa cha Mjapani, na akakielewa kisa cha Bi Fatuma, atainuka amwite aje ale, na mshahara wake ampe kabla jasho halijakauka.