Umeme wa Nile, Moto wa Mkaa

Uganda imejaliwa maji yenye nguvu. Bwawa la Owen Falls, Jinja, lilifunguliwa mwaka 1954. La Karuma, lenye megawati 600, likazinduliwa Septemba 2024. Hata hivyo, vyungu vingi vingali juu ya kuni na mkaa. Mei 2023 Rais Museveni alipiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini, ambako hata miti ya shea, itoayo mafuta ya kupikia, ilikuwa ikikatwa. Amri njema, ila mchomaji naye ana watoto. Tena, mama wa nyumbani apikie nini? Mwaka 2022 palikuwa na bei nafuu ya umeme wa kupikia, lakini haikumfikia ila aliyekwisha kutumia uniti 80 mwezi huo. Nyumba yenye taa mbili na redio itazifikisha lini?