Si Ndege, Si Popo, Wala Si Rukhu

Watoto wetu ukiwataka wakuchoree wanyama wa kale waliokuwa wakiruka, watakuchorea mmoja tu: dubwana lenye kishungi kisogoni, meno kama ya mamba na makucha kama ya mwewe, limemnyakua mtu na kumpeleka mlimani. Picha hiyo wameipata katika sinema za ng'ambo. Lakini sisi watu wa pwani tusijifanye wageni nayo, kwani huyo ni yule yule Rukhu wa Sindbad, aliyekuwa akibeba ndovu. Rukhu ni hadithi, na hadithi ina haki yake. Linalonikera ni kuona hadithi imevishwa joho la elimu, na wanyama wa kweli, waliokuwa wa namna nyingi, wakafichwa nyuma yake.

Kwanza, hapakuwa na mtu wa kunyakuliwa. Wanyama hawa, ambao kwa kukosa jina letu nitawaita terosaria, walitoweka miaka milioni 66 hivi iliyopita, baada ya kuwako kwa zaidi ya milioni 150. Pili, miguu yao haikuwa ya kunyakua. Nyayo zao zilizobaki katika mawe zaonyesha kuwa walipokuwa chini walitembea kwa minne, mabawa yamekunjwa. Wala hawakuwa dinosaria, ijapokuwa ni jamaa zao.

Tazama mkono wako. Ndege huruka kwa manyoya yaliyoota mkononi, na popo ngozi yake imetandwa juu ya vidole vinne. Terosaria alikuwa na vidole vitatu vidogo vyenye kucha. Cha nne, yaani kile sisi tunachovalia pete, kilirefuka hata kikapita kiwiliwili chake. Cha mwisho hakuwa nacho. Msomaji aliyezoea majahazi hahitaji mchoro: kidole hicho ndicho foromali, na ngozi iliyoshuka mpaka ubavuni ndilo tanga. Mfaransa Georges Cuvier alipotambua mwaka 1801 kwamba kiumbe huyu aliruka, ni kidole hicho kilichompa jina kwa Kiyunani, bawa-kidole. Mifupa yake ilikuwa mitupu ndani, kuta zake nyembamba ajabu, na mwili umefunikwa na kitu mfano wa nywele.

Sasa tuje kwenye chakula, kwani hapo ndipo uongo wa picha moja unapodhihirika. Huko Ujerumani lipo jiwe lenye terosaria aliyekufa na kisamaki kingali kooni, na bawa lake limenaswa na samaki mkubwa zaidi, mvuvi akavuliwa. Huyo alikula samaki, naam. Lakini katika mawe ya nchi hiyo hiyo yumo mwingine, kichwa kipana na kifupi kama cha chura, mabawa yake yakikunjuliwa hayazidi nusu mita hivi, naye alikula wadudu. Wa Ajentina, Pterodaustro, utaya wake wa chini ulikuwa na meno membamba kama nyuzi, yapata elfu moja, akichuja vijidudu majini kama heroe wafanyavyo Nakuru. Wako waliokuwa na meno butu ya kuvunjia makombe.

Na yule mkubwa kupita wote? Mfupa wake wa bawa ulionekana Texas mwaka 1971 na mwanafunzi Douglas Lawson. Mabawa yalifika mita 10 hivi, na akisimama alikaribia kimo cha twiga. Zamani ilidhaniwa kuwa wengi wa jamii hizi waliruka huku wakikata maji kwa mdomo wa chini. Hesabu zilizotolewa mwaka 2007 zikaonyesha kuwa kazi hiyo ingewachosha mno. Wengi sasa waona kwamba jitu hili lilitembea nchi kavu kama korongo, likidonoa wanyama wadogo. Yaani Rukhu wetu alikuwa akienda kwa miguu!

Nasema haya kwa sababu mifupa iko hata kwetu. Pale Tendaguru, mkoani Lindi, Wajerumani walichimba mwaka 1909 hadi 1913, kwa mikono ya mamia ya wenyeji waliosimamiwa na Boheti bin Amrani. Kila yanapotajwa machimbo hayo, twasikia habari za lile dinosaria la Berlin lenye kimo cha mita 13. Mifupa midogo ya terosaria iliyotoka kilima hicho hicho haina wa kuitaja, ingawa mmoja wao alipewa jina la Tendaguru mwaka 1999, kutokana na kipande cha utaya chenye meno. Nasi Kenya tunao wetu: pingili ya shingo, chini karibu na mabega, iliyopatikana milima ya Lapurr, magharibi ya Turkana, na kuelezwa mwaka 2011. Haikutoka katika matope ya bahari, ambako mifupa ya terosaria huonekana mara nyingi, bali katika mchanga wa mto. Pingili hiyo, mbovu isivyovutia macho, kwangu ina thamani kuliko sinema kumi, na ningependa mfano wake wa plasta uwekwe Fort Jesus mbele ya watoto wa shule.

Limebaki jina. Terosaria wa Moroko alipewa mwaka 2010 jina la Alanqa, kutokana na Anqa, yule ndege wa masimulizi ya Waarabu. Wa Jordani ana jina la kale la mji wa Amman. Sisi twasema "ndege wa kale", na ndege si yeye, au "mjusi arukaye", na mjusi pia si yeye. Mimi napendekeza "bawakidole". Wajuzi wa lugha wa Lamu na Mombasa wenye jina bora na walilete.