"Hang'oki" ndiyo kampeni yake

Wadau, kuna sentensi inanichefua kila siasa zikianza kupigwa huku hosteli: "Aaah, yule mbunge hang'oki." Haya, twendeni New York, jimbo la 14.

Joe Crowley aliingia Bunge la Marekani mwaka 1999. Kufika 2018 alikuwa kigogo wa nne kwa cheo kati ya wabunge wa Democratic, na hela ya kampeni alikuwa nayo bwerere. Ila tangu 2004 hakuna mwanachama mwenzake aliyemkabili kwenye kura za maoni. Sasa hiyo ni nguvu? Huo ni ushindi wa mezani bwana!

Akaja Alexandria Ocasio-Cortez, dada wa miaka 28 aliyekuwa akiuza baa. Akagonga milango. Jamaa akatuma mtu amwakilishe kwenye mdahalo mmoja, yaani dharau tupu. Tarehe 26 Juni 2018 dada akambwaga, kama asilimia 57 kwa 43. Na kura zote hazikufika 30,000, jimbo la watu karibu laki saba!

Msiniambie uchaguzi ni Novemba. Jimbo kama lile Democratic hapotezi, mechi inaishia kwenye kura za maoni, na huko ndiko watu hawaendi.

Mtabisha kwamba wabunge wengi wa kule hurudi. Kweli, mara nyingi zaidi ya asilimia 85. Lakini wangapi walipata mpinzani wa maana? Ukisema "hang'oki" unampigia kampeni bure, hata fulana hajakupa.

Nawasilisha.