Aliyechaguliwa na Asiyechaguliwa

Mwaka 1866 Dostoyevsky, mwandishi wa Urusi, alitoa kitabu cha Uhalifu na Adhabu. Humo mwanafunzi maskini wa mji wa Saint Petersburg, jina lake Raskolnikov, anamwua kwa shoka mama mzee Alyona, mwenye kukopesha watu fedha kwa rehani. Kwa nini alimchagua huyo?

Tukubali kwanza kwamba mama huyo hakuwa mwema. Aliwanyonya maskini, tena alimpiga na kumtumikisha Lizaveta, ndugu yake wa baba mmoja. Basi Raskolnikov akamfananisha na chawa. Akapiga hesabu: uhai mmoja usiofaa kitu upotee, na kwa fedha zake wengi wapone. Kumbe alitaka pia kujua kama yeye ni mmoja wa wakuu, mfano wa Napoleon, wasiofungwa na sheria. Hakumwona mtu, aliona hesabu tu.

Alichagua saa ambayo Lizaveta hayupo. Lakini Lizaveta akarudi mapema, akakuta maiti. Mpole yule, aliyezoea kuonewa, hakujikinga hata uso. Shoka likamwangukia naye.

Hapo ndipo ilipo maana ya kitabu. Mwuaji alimchagua mmoja, dhambi ikamwongezea wa pili. Asemaye, «Huyu hafai kuishi», hawezi kuliamuru shoka lake likome hapo. Alijidai kuwatetea maskini, naye amemwua maskini. Hata mali aliyoiba aliificha chini ya jiwe, isimfae mtu.

Lakini tazameni huruma ya Mungu. Lizaveta alikuwa rafiki ya Sonya, nao walikuwa wamebadilishana misalaba. Katika Agano Jipya lililoletwa na Lizaveta, Sonya anamsomea mwuaji habari ya kufufuka kwa Lazaro. Ndivyo yule asiyechaguliwa anavyomfungulia njia ya kuungama kosa lake, na kupokea adhabu ya miaka minane huko Siberia.

Nasi, wazazi na wanafunzi, hatujashika shoka. Lakini tukisikia mtaani mama mzee mwenye ukali akiitwa mchawi, nasi tukanyamaza, je, hatujaanza hesabu ile ile? Kabla ya kuuliza kama ni mwema, tukumbuke kwamba ni mtu. Amri ya tano haibagui wema na wabaya.